Nasomea Dini, Lakini Mimi Si Pasta

Nikienda ushago, kazi ya kuombea chakula ni yangu. Juzi kwa matanga ya jirani, mjomba alinisukuma mbele: "Huyu wetu anasomea mambo ya Mungu, atatufungia na maombi." Nikaomba. Kwani ningefanya nini, wasee? Lakini ukweli usemwe, sijasomea kuomba.

Mimi nafanya masomo ya dini chuo kikuu. Hiyo si theolojia. Hata mimi nilidhani ni kitu kimoja hadi muhula wa kwanza, siku mhadhiri alipouliza kwa nini Waislamu hufunga Ramadhani. Nikainuka na ujasiri wote, nikalinganisha na kufunga kwetu kanisani, mwisho nikawa nahubiri. Akanisikiza hadi nikamaliza, halafu akaniambia: "Umetueleza wewe unaamini nini. Wao wanasema nini?"

Nikaketi.

Tofauti ni hapo tu. Theolojia huanzia ndani ya imani: sisi tunaomwamini huyu Mungu, tumwelewe vipi na tuishi vipi? Ndio maana wanaotaka kuwa mapadri na wachungaji huisoma. Masomo ya dini huuliza: watu fulani wanaamini nini, wanafanya nini, na kwa nini? Mkristo anaweza kusoma Uhindu, na asiyeamini chochote akasoma Ukristo. Hakuna anayeulizwa kama ameokoka.

Kuna kisa alichoandika Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, ambacho hakinitoki akilini. Mwaka wa 1911, mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Acholi, "Nani aliwaumba?" Kwa lugha ya wazee hao, swali lilisikika kama "Nani aliwafinyanga?" Wazee wakashangaa, maana mtu huzaliwa na mamake. Mapadri wakakazana. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akiugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, mgongo hupinda kama amefinyangwa upya, na anayefanya hivyo ni Rubanga. Basi jina la nguvu inayopindisha watu migongo likawa jina la Mungu.

Sisemi theolojia ni mbaya. Mapadri walikuwa na swali lao, na ni swali zito. Lakini walitaka jibu kabla ya kusikiza, kama mimi siku ile darasani.

Na sisi tumelelewa hivyo. Shuleni, wa CRE walibaki darasani, wa IRE wakaenda kwingine. Nilikaa dawati moja na rafiki yangu Mwislamu miaka minne, tukagawana hadi mandazi, na sikuwahi kumuuliza anaamini nini. Nilichojua kuhusu dini yake nilikitoa kwa watu wa dini yangu. Kwa nchi kama hii yetu, hiyo ni hatari, jameni.

Kwa hivyo wewe unayejaza kozi sasa hivi, kama una wito wa kuhudumu, soma theolojia na usione haya. Kama unataka kumwelewa jirani yako vile yeye anajielewa, karibu kwetu.

Mamangu bado huuliza kama nitapoteza imani. Jumapili tunaenda kanisa pamoja. Na yule rafiki wa dawati nilimpigia simu mwaka jana, hatimaye nikamuuliza. Tuliongea saa mbili.