Chai ya Gumbo na Mshahara wa Karani

Ukivuka Mto Nile kutoka katikati ya Juba na kuishika barabara ya Nimule, hukawii kufika Gumbo. Barabara hiyo ya kilomita 192 ndiyo iletayo unga, nyanya na sabuni kutoka Uganda, na kando yake wanawake hujitafutia riziki: huyu auza chai, yule mboga, wa tatu mkaa. Mwanafunzi mpenzi, ulisomapo neno "mfanyakazi" vitabuni, je, ni mwanamke huyu umwonaye?

Sheria haimwoni vizuri. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, katika ibara ya 16, inampa mwanamke haki ya ujira sawa kwa kazi sawa, ya kumiliki mali, na ya kupata fungu lake katika mirathi ya mumewe. Sheria ya Kazi ya mwaka 2017 nayo inatoa siku 90 za likizo ya uzazi yenye malipo. Ni maneno mazuri, wala siyabezi. Lakini likizo hudaiwa kwa mwajiri, na mama wa chai hana mwajiri. Akijifungua Jumatatu, jiko lake huzimika Jumatatu hiyo hiyo.

Wengi husema dawa ni mikopo. Mkataba wa amani wa 2018 uliahidi mfuko wa kuendeleza biashara za wanawake, na ahadi hiyo yafaa kudaiwa. Mimi, hata hivyo, ningeanzia kwingine: mishahara ya watumishi wa serikali. Fikiri nami. Bomba la mafuta lipitalo Sudan lilipopasuka Februari 2024, mapato ya serikali yalianguka, na watumishi, waliokuwa tayari wakidai malimbikizo, wakazidi kukaa miezi mingi bila malipo. Karani asiyelipwa hunywa chai kwa mkopo, kisha huacha kabisa. Hivyo mshahara uliokwama wizarani huonekana katika birika la Gumbo.

La pili ni ushuru. Muuzaji mdogo atozwe mara moja tu, kwa kiwango kilichobandikwa hadharani, na apewe stakabadhi. Kisha sehemu ya fedha hizo ijenge mahali pa kulelea watoto karibu na soko. Mtoto alalaye chini ya meza, hatua moja kutoka kwenye makaa, si picha ya uchapakazi wa kupigiwa makofi.

Wanawake wenyewe hawakukaa wakingoja. Huchangiana fedha kwa zamu, na mchango huo huuita sanduk. Bila shaka umemtambua ndugu yake, sanduku letu, lililotufikia kutoka Kiarabu. Fedha hizo hulipa ada za shule na gharama za mazishi. Ila wachangiaji ni majirani wanaouziana wao kwa wao, na wateja wao ni wale wale makarani. Mishahara ikikauka, huishiwa wote kwa pamoja, na zamu hukwama. Hapo ndipo fedha za umma zinapohitajika.