Mchezo na Ulimi

Kijana msomaji, wapo watu wasemao kwamba mchezo ni upuuzi wa wavivu, na kwamba lugha ya wazee huhifadhiwa na kamusi tu. Usiwasadiki. Kamusi ni ghala njema, lakini nafaka isiyotoka ghalani haioti.

Nguvu ya mchezo ilitambuliwa mapema na walioidharau lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, alieleza yaliyotendeka shuleni Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Kifungo cha nguo kilipitishwa mkono kwa mkono: aliyesikiwa akisema Kikuyu alikabidhiwa, naye akamvizia mwenziwe. Jioni aliyekuwa nacho alimtaja aliyempa, na wakosaji wote wakajulikana. Tazama: palikuwa na kete, zamu, kanuni na mshinde. Ikiwa mchezo waweza kuifukuza lugha kinywani, kwa nini usiweze kuirudisha?

Bao latoa jibu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, wala halichezeki pasipo maneno yake: nyumba, kichwa, kimbi, namua, mtaji, takata. Mchezaji hakaririshwi maneno hayo. Huyahitaji ili ashinde. Wamaasai nao wana enkeshui, bao lao la safu mbili.

Basi wewe wa Entarara, Kajiado, ukibuni mchezo, wa ubaoni au wa simu, usitosheke kumvika shujaa shuka jekundu na kumwacha aseme Kiingereza. Hilo ni vazi, si urithi. Kimaasai kina hazina ya maneno ya rangi na mabaka ya ng'ombe. Weka kanuni kwamba asiyemtaja ng'ombe wake sawasawa kwa Kimaasai hamwingizi zizini. Asiyejua neno atalazimika kumwendea bibi yake, na hapo ndipo urithi hupokewa.

Usinijibu kwamba Kimaasai kina wasemaji wengi. Wayaaku wa Mukogodo, Laikipia, waliiacha lugha yao katika karne ya 20 wakashika Kimaasai hicho hicho. Nacho kilichomeza chaweza kumezwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, yaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Lakini katiba haiwezi kusema kwa niaba ya mtoto aliyenyamaza. Mpe mtoto huyo zamu ya kucheza, naye atasema.