Jumla 4 si kufeli: wazazi waelezwe matokeo

Wilayani Koboko, kuanzia Kuluba hadi makazi ya Lobule, mzazi aliyesoma Kongo amezoea asilimia: namba ikiwa kubwa, mtoto amefaulu. Mtihani wa PLE wa darasa la saba Uganda ni kinyume. Kila somo kati ya manne hupewa 1, iliyo bora, hadi 9. Jumla 4 ndiyo ya juu kabisa; 36 ndiyo ya mwisho.

Mzazi asiyeelezwa anaweza kumkemea mtoto aliyefaulu na kumpongeza anayehitaji msaada. Kugawa ripoti pekee hakutoshi. Kila muhula shule ikae na wazazi, mkalimani akiwepo, na mwanafunzi aambiwe somo linalomrudisha nyuma. Wazazi, msisubiri matokeo ya UNEB; ulizeni mapema, mtoto angali darasani.