Dagahaley yahitaji waya na umeme kabla ya mitambo mikubwa

Mjadala kuhusu elimu ya juu katika kambi za wakimbizi za Dadaab huhusu zaidi walimu na karo. Ni nadra kuwahusu wanafizikia. Hata hivyo, ni katika hesabu za sayansi ambapo pengo kati ya Dagahaley na vyuo vikuu vya Nairobi hudhihirika wazi.

Plazma, yaani gesi iliyopata joto hadi elektroni zikabanduka kutoka kwa atomu, ni mfano mzuri. Kuiga mwenendo wake huhitaji kufuatilia mamilioni ya chembechembe kwa pamoja. Tarakilishi moja huelemewa. Hivyo vyuo huunganisha nyingi kwa nyaya, kila moja ikipewa fungu lake la hesabu na kupashana majibu na nyingine.

Mitambo hiyo hudai umeme usiokatika na ubaridi wa kudumu. Dagahaley, mojawapo ya kambi zilizoanzishwa mwaka wa 1991 na 1992, ilijengwa mbali na gridi ya taifa, mahali penye joto na vumbi. Kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilizinduliwa Garissa mwaka wa 2019, lakini nguvu zake huingia katika gridi hiyo hiyo.

Je, mwanafunzi wa kambini akate tamaa? La hasha. Mtambo si lazima uwe alipo mtumiaji. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Mwaka wa 2013 ulianza mradi wa BHER, ambapo Vyuo Vikuu vya Kenyatta na Moi vilishirikiana na vya Kanada kufundisha wakazi wa Dadaab. Kwa njia iyo hiyo ya mtandao, mwanafunzi anaweza kutuma maagizo machache Nairobi, hesabu zikafanyiwa huko, naye akapokea muhtasari wa matokeo.

Kwa mkimbizi ambaye kwa miaka mingi amehitaji kibali ili kutoka kambini, hiyo si anasa. Ndiyo maabara pekee anayoweza kuifikia.

Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kugeuza kambi kuwa makazi yenye huduma za pamoja kwa wakimbizi na wenyeji. Kipimo chake hakitakuwa tarakilishi zinazopokelewa kwa sherehe kisha zikafunikwa na vumbi, bali umeme wa uhakika, mtandao imara na fundi aliyefunzwa papo hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.