De Gasperi na kura iliyomng'oa mfalme wa Italia

UFALME wa Italia uliangushwa kwa kura mnamo Juni 1946, lakini nusura kura hiyo izue vita. Aliyekuwa usukani ni Waziri Mkuu Alcide De Gasperi, mwanasiasa aliyekuwa amekwisha kushuhudia dola nyingine ikisambaratika.

De Gasperi alizaliwa 1881 katika eneo la Trento, lililokuwa chini ya Austria-Hungary, na mnamo 1911 akachaguliwa mbunge huko Vienna. Dola hiyo ilipoporomoka 1918, Trento ikawa ya Italia, naye akaingia bunge la Roma 1921. Utawala wa Benito Mussolini ulimtupa gerezani 1927. Alipoachiliwa, alijipatia riziki katika maktaba ya Vatican.

Alipotwaa uwaziri mkuu Desemba 1945, Mfalme Vittorio Emanuele III alikuwa akilaumiwa kwa kumkabidhi Mussolini serikali 1922, na kwa kuitoroka Roma Septemba 1943. Vyama vya mrengo wa kushoto vilitaka bunge la katiba liamue hatima ya ufalme. De Gasperi alisisitiza kuwa uamuzi ni wa wananchi.

Msimamo huo ulikuwa pia na hesabu za kisiasa. Wanachama wengi wa chama chake cha Democrazia Cristiana walitaka jamhuri, ilhali wafuasi wake wengi wa kusini walimpenda mfalme. Kura ya maamuzi ilikiepusha chama na mpasuko.

Mnamo Mei 9, 1946, mfalme alimwachia mwanawe, Umberto II, kiti cha enzi. Kura ilipigwa Juni 2, wanawake nao wakishiriki. Jamhuri ilipata takriban kura milioni 12.7 na ufalme milioni 10.7. Kaskazini ilimkataa mfalme, kusini ilimkumbatia.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mahakama ya juu ilisoma matokeo Juni 10 lakini ikaahirisha uamuzi kuhusu malalamishi. Wafuasi wa mfalme walidai kuwa jamhuri ilihitaji zaidi ya nusu ya kura zote, zikiwemo takriban milioni 1.5 zilizoharibika. Mjini Naples, watu waliuawa katika ghasia. Usiku wa kuamkia Juni 13, baraza la mawaziri lilimkabidhi De Gasperi mamlaka ya mkuu wa nchi. Umberto alielekea uhamishoni Ureno, akiishutumu serikali kwa kuvunja sheria.

Shutuma hizo hazikukosa msingi. Mahakama ilitoa uamuzi wa mwisho Juni 18, ikisema kura zilizoharibika hazihesabiwi. Hata zingehesabiwa, jamhuri ingevuka nusu. Kwa hivyo, serikali ilikuwa na haki kuhusu hesabu, lakini ilikosa subira ya siku tano tu. Hata hivyo, fahali wawili hawakai zizi moja, na kila siku ya kungoja ingeweza kuleta maafa zaidi.

Kilichomwondolea De Gasperi doa ni kwamba hakuyang'ang'ania mamlaka hayo. Mnamo Juni 28, bunge la katiba lilimteua Enrico De Nicola kuwa mkuu wa nchi wa muda. De Nicola alikuwa wakili kutoka Naples, na tena alijulikana kwa kuupenda ufalme. Walioshindwa walimwona mtu wao akiketi mahali pa mfalme, na jamhuri ikaanza kuwa yao pia. De Gasperi alibaki waziri mkuu hadi 1953.