Mzazi, usifiche maradhi ya mtoto anayesafiri na okestra

Msomaji mpenzi, hebu fikiri mwanao amechaguliwa kwenda ng'ambo kupiga fidla na okestra ya vijana. Uwe wakaa Mtongwe, Mishomoroni au Chaani, mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. Pasipoti itatafutwa, koti zito la mtumba litanunuliwa Kongowea, na mashangazi watachanga pesa za sanduku. Lakini ni nani atakayeuliza kama mwili wa mtoto uko tayari?

Nauliza kwa sababu ya kisa cha jirani yangu, mama mmoja wa Changamwe. Ana kijana mwenye sikoseli, mpiga tarumbeta hodari. Okestra yake ilipoalikwa Ujerumani wakati wa baridi, wazazi walipewa fomu ya kueleza kama mtoto ana maradhi yoyote. Mama akaandika "hapana", maana alichelea mwanawe ataachwa. Siku ya nne, wakiwa ndani ya basi baina ya mji na mji, kijana alishikwa na maumivu makali ya miguu na mgongo. Hospitalini daktari akauliza ana ugonjwa gani. Mwalimu hakujua, na kijana alinyamaza kama alivyousiwa nyumbani. Hadi mama alipopigiwa simu usiku wa manane ndipo ukweli ukatoka. Kijana alipona, Mungu ashukuriwe, lakini aliteseka saa nyingi bure.

Simlaumu mama peke yake. Aliogopa kwa kuwa fomu za namna hii mara nyingine hutumiwa kama chujio. Mtoto akisema ukweli, jina lake hukatwa. Viongozi wakitaka kuambiwa kweli, sharti waonyeshe kwamba fomu ni ya kumtunza mtoto.

Wengi hudhani ziara ya muziki ni matembezi. La, hasha! Ni kuamka alfajiri, kukaa basini saa nyingi, kufanya mazoezi ukumbini, kupiga muziki hadi usiku, kulala kitanda kigeni, na kesho kuanza tena. Kumbuka Boys Choir of Kenya waliokwenda Washington wakati Rais Barack Obama alipoapishwa, Januari 20, 2009. Mchana wa siku hiyo baridi ilikuwa chini ya sifuri, na saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa nane. Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea mabadiliko kama hayo, ilhali ratiba ya maonyesho haingoji.

Kwa mwenye sikoseli, baridi, uchovu na upungufu wa maji mwilini ndivyo vichocheo vya maumivu, na hewa ya ndani ya ndege ni kavu. Yafaa anywe maji mara kwa mara, avae nguo za joto, na dawa ziwe katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku. Daktari wake ndiye wa kuamua kama aende. Mwenye pumu naye baridi humbana kifua, na mpiga tarumbeta bila pumzi hana kazi.

Kuna malaria pia. Mtoto aweza kuumwa na mbu hapa Likoni leo, na homa ikamshika huko baada ya wiki moja au zaidi. Daktari wa Ulaya aweza kudhani ni mafua tu. Mfundishe mwanao aseme mara moja: "Nimetoka Kenya, naomba nipimwe malaria." Maneno hayo machache yaweza kuokoa maisha.

Usisahau chakula. Mtoto wa Kiislamu kutoka Kisauni, asipoandaliwa chakula cha halali, aweza kushindia mkate na chai kwa haya ya kuuliza. Waandalizi waambiwe mapema.

Kwa maoni yangu, okestra yoyote isiondoke uwanja wa ndege wa Moi bila mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni afya tu. Kiongozi wa muziki ana mengi ya kuangalia jukwaani. Mtu huyo awe na karatasi ya kila mtoto yenye maradhi, dawa na simu ya mzazi, na aitunze kwa siri. Bima ya matibabu ilipwe kabla ya tiketi. Watoto wapelekwe kwa daktari wiki sita kabla ya safari. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo nchi kadhaa huidai kwa watokao Kenya, hutakiwa kudungwa angalau siku kumi kabla ya kuwasili.

Nawe mzazi, andika ukweli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni heri mwanao akose ziara moja kuliko kuugua ugenini, mbele ya daktari asiyejua pa kuanzia.