Mtumiaji aulizwe kabla mtambo haujanunuliwa

Wafanyabiashara wengi wanaponunua mtambo wa kompyuta huuliza mambo mawili tu: bei yake na kasi yake. Swali la tatu, yaani nani atautumia na kwa kazi gani, huachwa mpaka fedha zimekwisha kutoka. Hiyo ni hasara ya kujitakia, na historia ya M-Pesa nchini Kenya inathibitisha hivyo.

Majaribio ya huduma hiyo yalianza Oktoba 2005 huko Nairobi na Thika, kwa fedha za Vodafone na serikali ya Uingereza. Lengo halikuwa kutumiana pesa. Wateja wapatao 500 wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya walitakiwa kulipa marejesho yao kwa simu.

Wateja hao walifundishwa, kisha wakafuatiliwa. Ilibainika kuwa walikuwa wakilipana wao kwa wao kwa bidhaa na kuwalipia wenzao marejesho. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuzichukua walikofika, kwa kuogopa wezi. Wakati huohuo, hesabu za mikopo ya vikundi zilisumbua kuoanishwa na mtambo.

Kampuni ingeweza kuwalazimisha watu waufuate mtambo. Badala yake mtambo uliwafuata watu. Mikopo iliwekwa kando, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kwa jambo moja: kutuma pesa nyumbani. Menyu yake ilikuwa ndani ya kadi ya simu, hivyo hata simu ya bei nafuu ilitosha.

Waliochukua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya mwaka 2008 walinunua pia matunda ya utafiti huo. Miaka ya karibuni mapato ya M-Pesa yameyapita ya mazungumzo ya simu.

Wapo watakaolalamika kuwa utafiti huchelewesha biashara. Ni kweli, ilichukua miezi 17 kutoka majaribio hadi uzinduzi. Lakini kusambaza nchi nzima huduma isiyohitajika kungegharimu zaidi.

Basi mwenye duka asilipie mtambo kabla keshia wake hajaujaribu walau wiki moja, huku ikiandikwa kila anapokwama. Mwenye hisa naye, kampuni yake inapotangaza mtambo mpya, aulize mkutanoni: watumiaji wangapi waliujaribu, na nini kilibadilishwa baada ya hapo?